Pima jiwe lako kabla hujapima maji

Katika toleo lililopita niligusia kwa mistari michache jiwe liitwalo zeolaiti, lile ambalo wafugaji wa samaki hulitumia kunyonya amonia bwawani. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: je, jiwe hili laweza kukusanya madini adimu kutoka kwenye maji? Nimefanya kazi ya maabara ya maji Arusha kwa miaka 27, na swali hili nililihangaikia kwa mikono yangu. Mwezi huu safu nzima nawaachia walioandika kuhusu jiwe hilo.

Shikamoo Mama. Sisi ni vijana wanne wa Mto wa Mbu. Tumesoma kwamba madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme, yamo hata kwenye maji ya mito na maziwa, na kwamba zeolaiti huyadaka. Jamaa mmoja anatuuzia viroba 40 vya jiwe hilo. Tunataka kuanza na maji ya Ziwa Natron, kwa sababu mlima wa Oldoinyo Lengai uko palepale na lava yake ina madini hayo. Mwenzetu mmoja yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Tuanze?

Marahaba wanangu. Ng'ombe wasiuzwe. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maelezo yanafuata.

Mengi mmeyasoma sawasawa. Zeolaiti ipo kweli Bonde la Ufa. Mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay, aliyeichunguza miamba ya Olduvai kwa miaka mingi, alieleza jinsi majivu ya volkano yaliyoangukia maji ya magadi yalivyogeuka taratibu kuwa zeolaiti za aina kadhaa. Ndani ya jiwe hilo kuna vijia vyembamba mno, na kuta zake zina chaji hasi, kwa hiyo muda wote limeshikilia ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zile zenye chaji chanya: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Maji yakipita, jiwe huachia hii na kuchukua ile. Elementi adimu, ndizo hizo mnazoziita madini adimu, zikiyeyuka majini huwa na chaji chanya tatu. Kudakwa, zinadakwa. Na lava ya Lengai ina elementi adimu nyingi, hapo pia hamkudanganywa.

Sasa njooni kwenye hesabu. Chukueni neodimiamu, elementi adimu ya hizo sumaku zenu. Maji ya mto, kwa wastani wa dunia, yana neodimiamu maikrogramu 0.15 hivi kwa lita. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ili mpate gramu moja ya neodimiamu, mnahitaji karibu lita milioni 6.7, tena kila chembe idakwe bila hata moja kupotea. Boza la maji la lita 10,000 lingepiga safari 667. Na hiyo gramu moja hutengeneza sumaku isiyofika gramu nne.

Katika lita hiyohiyo ya maji ya mto, kalsiamu huizidi neodimiamu kwa uzito kiasi cha mara 100,000. Jiwe halijui bei ya sokoni. Linapokea anayebisha hodi, na mlango mzima wamesimama kina kalsiamu.

Ziwa Natron ni gumu zaidi ya mto. Maji yake ni magadi, na nyinyi mnajua kijiko kimoja cha magadi kinavyoyafanya maharage. Kaboneti iliyomo ziwani huizunguka elementi adimu, kaboneti mbili kwa ioni moja, na kifurushi chote kinabaki na chaji hasi. Ukuta wa jiwe nao ni hasi. Vinasukumana. Juu ya hapo kuna sodiamu isiyo na kipimo, na palipo na chumvi nyingi kiasi hicho jiwe hujaa sodiamu, basi. Ndiyo maana kijito cha mlimani chenye maji laini, ingawa kina elementi kidogo sana, ni rafiki wa zeolaiti kuliko ziwa lile lote. Kanuni hii ishikeni, maana wengi huigeuza kichwa chini: katika maji yenye chumvi kidogo, jiwe hupendelea ioni zenye chaji kubwa; katika maji mazito ya chumvi, upendeleo huo hufifia. Hata njia ya kuzitoa elementi kwenye jiwe mara nyingi ni hiyohiyo: unalimwagia chumvi kali nalo linaachia.

Nitawasimulia yaliyonikuta mwaka wangu wa 14 kazini, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya kumzuia mwenzenu.

Tulikuwa na kiroba kimoja cha jiwe la kijani hafifu. Tulilitwanga kwenye kinu cha chuma likiwa limeloa, tukalichekecha tukabakiza punje za ukubwa wa ulezi, tukaliosha ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka maangavu. Tukalijaza kwenye bomba la plastiki refu kama mkono wangu, pamba chini, pamba juu. Juu ya kabati tukaweka dumu la lita 20 la maji ya kijito kinachoshuka Mlima Meru, na mpira mwembamba wa kudondoshea. Tone, tone, usiku na mchana, madumu matano. Mlinzi wa zamu ndiye aliyekuwa akiniambia asubuhi kama lilisimama usiku. Maji yalipokwisha tulipitisha asidi ya naitriki iliyozimuliwa ili jiwe liachie lilichodaka, tukakinga kwenye chupa ndogo za plastiki. Za vioo hazifai, kwa sababu elementi adimu zilizo chache hivyo hujibandika kwenye ukuta wa chupa na kwenye kipimo zisionekane.

Mashine ya kupima kiasi kidogo namna hiyo hatukuwa nayo. Sampuli zilisafirishwa nje ya nchi, majibu yakarudi baada ya wiki saba. Elementi adimu zilikuwa juu: seriamu juu, lanthanamu juu, neodimiamu juu. Nilikimbia na ile karatasi hadi kwa mkuu wangu, mzee mtaratibu aliyevaa bargashia kila Ijumaa. Aliisoma yote, akaiweka mezani, akaniuliza: "Na jiwe ambalo halikuona maji, lenyewe lilitoa kiasi gani?"

Hatukuwa tumelipima. Tulichukua punje za kiroba kilekile, tukazijaza kwenye bomba lingine, tukapitisha maji yaliyokenekwa, kisha asidi ileile, kiasi kilekile. Tukatuma. Wiki saba nyingine. Majibu yalipofika, tarakimu zilikaribiana mno na zile za mwanzo. Seriamu niliyoishangilia haikutoka kijitoni. Ilitoka kwenye jiwe.

Tazameni ilivyo rahisi kudanganyika. Kilo moja ya mwamba wa kawaida wa ganda la dunia ina seriamu ya miligramu 60 hivi. Maji ya mto yana wastani wa maikrogramu 0.26 kwa lita. Ili maji yalete seriamu iliyo sawa na iliyokwisha kuwamo kwenye kilo moja ya jiwe, inabidi mpitishe lita 230,000. Sisi tulipitisha 100.

Kwa hiyo mtu akiwaonyesha karatasi ya maabara kwamba jiwe lake "limevuna" madini adimu, muombeni karatasi ya sampuli tupu, yaani jiwe lilelile lisilopitishwa maji ya mto. Asipokuwa nayo, rudini nyumbani na hela yenu.

Njia yenyewe ina mahali pake. Kuna maji yaliyobeba mzigo hasa. Huko West Virginia, Marekani, maji yanayovuja kutoka migodi ya zamani ya makaa ya mawe ni machachu, yameula mwamba, na yana elementi adimu mara mamia hadi maelfu kuliko mto. Paul Ziemkiewicz na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Virginia wamefanya kazi kubwa ya kuzipata kutoka huko. Nao huyapunguza maji ukali kwanza, elementi zikashuka pamoja na matope, halafu wanayashughulikia matope. Vichujio kama zeolaiti vyaweza kuwa na kazi hatua ya baadaye, chuma na aluminiamu vikishaondolewa njiani.

Na kuna mahali ambapo kazi mnayotaka kuifanya imekwisha kufanywa na mvua. Mashariki mwa Uganda, Makuutu, mwamba umeoza kwa vizazi na vizazi, maji ya mvua yakazibeba elementi adimu chini kidogo, na udongo wa mfinyanzi ukazidaka kwa kubadilishana ioni, kama vile zeolaiti inavyofanya. Udongo wa namna hiyo ulijulikana kusini mwa China, jimbo la Jiangxi, mwaka 1969. Huoshwa kwa chumvi ya salfeti ya amonia, na elementi zinaachia. Yaani chujio limekaa pale maelfu kwa maelfu ya miaka likidondoshewa maji bila mtu kulipa boza hata moja. Hapo ndipo hesabu inakubali, na hata hapo kuna kazi kubwa ya kulinda visima vya majirani dhidi ya hiyo amonia.

Kama moyo bado unawasukuma, chukueni kilo moja tu ya jiwe la huyo jamaa, si viroba 40, mlipeleke likatambuliwe ni zeolaiti ya aina gani. Msilisage likiwa kavu kabla ya hapo. Sababu iko kwenye jibu la mama wa Dodoma hapa chini, na ninawaomba mlisome.

Mama, mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Tulifundishwa kwamba chaji tatu hushikwa kwa nguvu kuliko chaji moja. Lakini kwenye mradi wetu klinoptilolaiti, ambayo ni aina mojawapo ya zeolaiti, imeshika lanthanamu kidogo tena polepole, wakati amonia iliidaka upesi. Msimamizi anasema tumekosea kupima. Tulikosea wapi?

Huenda hamkukosea popote, na nitafurahi ukimwonyesha msimamizi wako maelezo haya kwa heshima.

Lanthanamu haitembei peke yake. Ioni tupu ina nusukipenyo cha nanomita 0.1 tu, lakini majini huzungukwa na molekuli tisa hivi za maji zilizoshikamana nayo barabara, kama bibi harusi na wapambe wake. Ukihesabu msafara wote, upana unakaribia nanomita 0.9. Mlango mkubwa kabisa wa klinoptilolaiti ni nanomita 0.75 kwa 0.31. Bibi harusi anapita, wapambe hawapiti. Lazima baadhi ya molekuli za maji zivuliwe mlangoni, na kuzivua kunahitaji nishati, kwa sababu chaji tatu huzishika sana. Amonia ikiwa majini kama ioni ya amoniamu ina chaji moja, maji yake inayaacha kwa urahisi, inaingia. Chaji ile iliyowafanya mtegemee kushikwa ndiyo hiyohiyo inayoichelewesha.

Jambo la pili ni nafasi za viti. Chaji hasi ya jiwe inatokea pale aluminiamu ilipokaa mahali pa silikoni, aluminiamu moja, chaji moja. Lanthanamu inahitaji tatu zilizo karibu karibu. Klinoptilolaiti ina silikoni nne hadi tano na ushee kwa kila aluminiamu, kwa hiyo viti vimetawanyika. Filipsaiti na chabazaiti, zeolaiti za aina nyingine, zina aluminiamu nyingi zaidi. Kama mnaweza kuzipata, zijaribuni sambamba.

L. L. Ames, aliyefanya kazi kwenye kituo cha nyuklia cha Hanford, Marekani, alichapisha mwaka 1960 mpangilio wa kile klinoptilolaiti inachokipenda. Sisiamu iko mbele, kisha rubidiamu, potasiamu na amonia. Aluminiamu yenye chaji tatu iko huko mkiani karibu na magnesiamu. Matokeo yenu yanakaa ndani ya picha hiyo.

Cha kujaribu: ongezeni joto, nyuzi 60 kwa mfano, na muda uwe siku, si saa. Lilowesheni jiwe kwanza kwenye maji ya chumvi ya mezani ili viti vyote vikaliwe na sodiamu, ambayo huondoka bila ugomvi. Angalieni pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Ikishuka chini ya 3 hidrojeni inachukua viti na asidi inaanza kung'oa aluminiamu ya jiwe lenyewe. Ikipanda sana, na kwa ujazo wa lanthanamu mnaotumia chuoni, inaganda kama hidroksidi na mtadhani imedakwa kumbe imelala chini ya bika. Kati ya 4 na 6 ndipo pazuri. Na wekeni bika moja yenye lanthanamu bila jiwe kabisa, mpime imepungua kiasi gani kwa kujibandika tu.

Kuna kiwanda kimoja ambako lanthanamu na zeolaiti zimefunga ndoa ya kudumu, nacho ni kiwanda cha kusafisha mafuta. Miaka ya 1960 Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya mafuta ya Mobil walitengeneza vichocheo vya zeolaiti zenye elementi adimu kwa ajili ya kuvunja mafuta mazito kuwa petroli. Zeolaiti ya huko ni ya kutengenezwa, ina milango mipana na aluminiamu nyingi. Huloweshwa kwenye mmumunyo wa elementi adimu halafu huchomwa kwa joto kali. Joto linawafukuza wapambe wote, lanthanamu inaingia kwenye vyumba vidogo vya ndani kabisa, na ukiosha haitoki. Petroli nyingi duniani hupita katika vyumba vya namna hiyo kabla haijafika kwenye bodaboda.

Assalamu alaykum bibi. Sisi twaishi karibu na Mrima, Kwale. Kila siku twaambiwa mlima wetu una madini adimu. Je, maji ya kisima yatakuwa nayo? Yadhuru? Na hilo jiwe laweza kuyasafisha?

Waalaykum salaam mwanangu. Mrima una elementi adimu kweli, na una thoriamu pia, metali yenye mionzi. Lakini kuwamo mlimani na kuwamo kisimani ni mambo mawili. Madini yanayozibeba huko hayayeyuki kwa urahisi, na mvua ya miaka mingi imezibakiza kwenye udongo mwekundu wa juu kwa sababu hazikutaka kwenda na maji. Kisima kingekuwa changu, ningeanza kupima vijidudu vya chooni, nitreti na chumvi, halafu ningeomba kipimo cha mionzi kifanywe mara moja ili moyo utulie. Zeolaiti msiitie. Huwezi kuchagua chujio kabla hujajua unachuja nini. Na ule msitu mtakatifu wa kaya juu ya mlima unawashikia udongo usiteremke visimani. Hiyo ni kazi ambayo jiwe langu haliwezi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, Dodoma. Mwezi uliopita nilipigwa picha ya MRI na kabla yake nikachomwa sindano ya dawa. Muuza tiba ananiambia dawa ile ina metali iitwayo gadoliniamu, inabaki mwilini, na kwamba nikinywa unga wa zeolaiti kijiko kimoja asubuhi na jioni itatoka. Unga anauza 35,000. Nimenunua pakiti moja. Ninywe?

Usinywe, dada yangu. Iweke pembeni na usiifungue ndani ya nyumba.

Alichosema kuhusu dawa kina ukweli ndani yake, na ndiyo maana umemwamini. Gadoliniamu ni elementi adimu, na katika dawa ile imefungwa ndani ya molekuli kubwa inayoizunguka kama tenga, makusudi isiguse mwili. Figo zikiwa nzima, sehemu kubwa kabisa hutoka na mkojo ndani ya siku moja hivi. Tenga lile ni imara kiasi kwamba hupita chooni, hupita mtambo wa majitaka, hufika mtoni. Mwaka 1996 Michael Bau na Peter Dulski walionyesha kwamba mito ya Ujerumani, ikiwamo ya Berlin, ina gadoliniamu ya ziada kwa sababu ya picha hizo za hospitali. Sasa fikiri: zeolaiti hudaka ioni ndogo zenye chaji chanya. Gadoliniamu ya dawa imo ndani ya tenga lisilo na chaji chanya, kubwa kuliko mlango wa jiwe. Zaidi ya hapo, unga unaumeza tumboni, dawa ilichomwa kwenye mshipa. Havikutani. Kama una tatizo la figo, mwambie daktari aliyekuandikia picha; huyo ndiye wa kuzungumza naye habari ya gadoliniamu.

Ninachokiogopa zaidi ni unga wenyewe. Jiwe la kubadilishana hutoa na hupokea. Likitoka mahali penye risasi, laweza kuja nayo, na laweza kudaka dawa unazomeza kwa haki. Halafu kuna vumbi. Zeolaiti si jiwe moja, ni ukoo wa mawe, na katika ukoo huo yumo mmoja aitwaye erionaiti, mwenye nyuzi laini kama pamba iliyochambuliwa. Huko Kapadokia, Uturuki, katika vijiji vya Karain, Tuzköy na Sarıhıdır, watu walijenga nyumba kwa mawe laini ya mlimani yenye erionaiti. Waliyachonga, waliyafagia, walizaliwa na kulala ndani yake. Miaka ya 1970 Dakta İzzettin Barış aliona katika vijiji hivyo saratani ya utando wa mapafu, ugonjwa ulio nadra kabisa kwingineko, ikiua watu nyumba kwa nyumba. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka erionaiti kwenye kundi la vitu ambavyo hakika huleta saratani kwa binadamu.

Erionaiti ipo pia kwenye miamba ya maziwa ya magadi ya Bonde letu la Ufa. Kwa macho huwezi kuitofautisha na nyingine, na muuza tiba hawezi. Sisemi pakiti yako inayo. Nasema hakuna aliyeipima. Hili pia ndilo jibu langu kwa vijana wa Mto wa Mbu waliotaka kusaga viroba 40: jiwe lisilotambuliwa halisagwi kavu, halifagiliwi, na mtoto hachezei vumbi lake.

Naishi Maji ya Chai, watoto wetu meno yana rangi ya kahawia. Zeolaiti itaondoa floraidi?

Hapana. Floraidi ina chaji hasi, na ukuta wa jiwe ni hasi. Zeolaiti asilia ambayo haikufanyiwa kazi maalumu itayapitisha maji yako yakiwa na floraidi ileile. Tumia mkaa wa mifupa uliochomwa vizuri, ambao umefanyiwa kazi miaka mingi hapo jirani Ngurdoto, au kinga ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto walio chini ya miaka minane ambao meno ya ukubwani bado yanajijenga. Kidonda hiki nimekipima miaka yote ya kazi yangu. Usingoje.

Shikamoo Bibi. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, Singida. Mwalimu alitusomea makala yako. Je, naweza kuona kwa macho yangu jiwe likibadilishana, bila mashine?

Marahaba mjukuu wangu. Unaweza, na sabuni ndiyo itakayokuonyesha.

Kwanza ujue kwamba hata aliyelipa jiwe hili jina alitumia macho tu. Mwaka 1756 Msweden Axel Fredrik Cronstedt alilichoma kipande chake kwa moto wa kupuliza, akaona jiwe likitokota na kutoa mvuke kana kwamba lina chungu ndani. Akaliita zeolaiti, kwa Kigiriki jiwe linalochemka. Mtu huyohuyo, mwaka 1751, alikuwa amekwisha kuandika habari za jiwe zito jekundu la machimbo ya Bastnäs, na ndani ya jiwe hilo, mwaka 1803, wengine wakaja kugundua seriamu, ile iliyonikimbiza koridoni. Mawe yote mawili yalipita mikononi mwake, asijue kwamba siku moja watu wangejaribu kulitumia moja kukamata kilichomo kwenye jingine.

Sasa kazi. Muombe mwalimu wako atafute zeolaiti ya punje ya wafugaji wa samaki, iliyoandikwa klinoptilolaiti kwenye mfuko, vikombe viwili. Ioshe ikiwa imeloa. Nusu yake ilaze siku mbili kwenye maji ya moto yenye chumvi nyingi ya mezani, ukibadilisha maji ya chumvi asubuhi na jioni, halafu isuuze sana kwa maji ya mvua. Nusu nyingine usiitie chumvi. Kata chupa mbili za maji za lita moja na nusu kwenye kitako, zigeuze mdomo chini, weka pamba mdomoni, jaza punje. Maji ya kisima cha Singida yanayogoma kutoa povu ndiyo tunayoyataka. Yapitishe polepole, tone kwa tone, ukikimbiza hutaona kitu.

Kwangua sabuni ya mche, ile ya kufulia ya kipande, uiyeyushe kwenye maji ya mvua. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu nyingi huwa tayari zimewekwa zeolaiti ya kiwandani ndani yake na zitakuharibia jaribio. Andaa vikombe vitatu: maji ya kisima yalivyo, maji yaliyopita jiwe lisilo na chumvi, maji yaliyopita jiwe la chumvi, vyote kiasi kimoja. Dondoshea sabuni, funika kwa kiganja, tikisa, hesabu, mpaka povu likae dakika nzima bila kuanguka. Kalsiamu ndiyo inayoua povu. Ikibaki kwenye jiwe na sodiamu ikatoka mahali pake, matone yatapungua.

Kikombe cha katikati usikiache hata ukichoka. Niandikie matone ya vyote vitatu, na uandike tarehe na kisima ulichochota.